Leseni ya rubani binafsi: kubaki Mombasa, kuhamia Wilson au kwenda nje?

MtotoWaMagongo
Salaam aleikum jamani. Nimezaliwa Magongo, ndege zinapita juu ya bati letu zikishuka uwanja wa Moi tangu sijaanza kutembea. Sasa nina miaka 28, ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na nimeweka 620,000 kwenye sacco. Sitafuti ajira ya urubani. Nataka leseni ya rubani binafsi tu, siku moja nimpakie mama aione Mombasa kutoka juu.

Njia nimeona tatu. Nibaki huku Pwani nikiruka wikendi, kadiri mshahara unavyoruhusu. Au nichukue likizo bila malipo, nihamie Nairobi miezi minne nisomee uwanja wa ndege wa Wilson. Au Afrika Kusini, kuna jamaa ananiambia huko ndiko rahisi. Ipi itakula pesa kidogo?

RubaniWaJumapili
Aleikum salaam. Kila mtu huanza na bei ya saa moja. Bei ya saa haijamfilisi mtu. Kinachofilisi ni saa kuongezeka.

Kiwango cha chini cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 40, au 35 kama kozi imeidhinishwa. Ndani yake uruke peke yako saa 10, pamoja na safari moja isiyopungua kilomita 270 ukitua viwanja viwili tofauti njiani. Basi watu hupiga hesabu kwa 40, na wachache sana humaliza kwa 40. Chukua mfano: ndege na mkufunzi dola 200 kwa saa, dola kwa shilingi 130. (Mfano wa hesabu tu, bei kamili kaulize mwenyewe.) Saa 40 ni 1,040,000. Saa 55 ni 1,430,000. Hizo 390,000 za katikati huzikuti kwenye karatasi ya bei ya chuo chochote.

Zinaongezeka vipi? Ukiruka saa moja kila wiki mbili, saa 40 ni mwaka mmoja na nusu. Na kila ukipanda, dakika 20 za mwanzo ni kukumbushwa ya safari iliyopita. Mimi nilisoma hivyo hivyo, mshahara kwa mshahara. Nilipokuja kufungua kitabu changu cha safari baadaye, nilihesabu saa 14 za kurudia kutua peke yake. Saa 14! Ningenunua pikipiki na chenji ibaki.

BintiTudor
Kaka hapo juu kasema kweli. Mimi nilihamia Wilson, nikaruka mara tatu kwa wiki, nikamaliza na saa 47. Lakini usidhani huko ni bure. Kodi ya chumba, chakula, matatu, na mshahara uliouacha Mombasa. Huo mshahara watu husahau kuuandika kwenye bajeti, na kwangu ndio uliokuwa gharama kubwa baada ya ndege yenyewe.

Halafu foleni. Wilson kuna ndege za Mara, za misaada, za wanafunzi wenzako. Mita ya ndege inahesabu injini ikiwaka, si magurudumu yakiwa hewani. Nimewahi kukaa dakika kumi na tano nangoja zamu ya kuruka, najiona nikichoma pesa kwa macho. Panda asubuhi mapema.

Jambo jingine, Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, Cessna 172 inapanda kwa kujivuta, hasa mchana wa jua. Nilipokuja kuruka Moi baadaye nilihisi kama mtu ameshusha magunia mawili nyuma.

Na usijidanganye kwenda na kurudi kila wikendi kwa treni. Daraja la kawaida ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, lakini Miritini hadi Syokimau, kisha hadi Wilson, unafika umechoka na unalipia somo ambalo kichwa hakilipokei.

MzeeWaKaskazi
Vijana, msimkatishe tamaa. Mdogo wangu, kabla ya kuamua Mombasa au Nairobi, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) ukapimwe cheti cha afya cha daraja la 2. Macho, kutofautisha rangi, masikio, moyo. Namjua kijana aliyeruka saa tisa ndipo akaambiwa rangi hazioni sawasawa. Saa tisa hizo hakurudishiwa na mtu.

Pili, masomo ya darasani hayahitaji Wilson. Sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, mawasiliano ya redio, yote unaweza kuyasoma usiku hapo hapo Magongo. Fanya mitihani mingi iwezekanavyo kabla hujaanza kuruka mfululizo. Ukiwa kwenye ndege unawaza kutua tu, huwazi tena kukariri.

Na ukibaki huku, usianze mwezi wa nne. Masika ikishika utakuwa unakunywa chai na mkufunzi mkitazama mvua.

SpanaMkononi
Mimi naleta onyo moja. Usilipe pesa zote mbele kwa tamaa ya punguzo. Chuo sikitaji. Nililipa 400,000 kwa mkupuo, ndege yao ya mafunzo ilikuwa moja tu. Ikafika ukaguzi wa saa 100, fundi akakuta kitu, kipuri kikasubiriwa miezi miwili na zaidi. Niliporudi nilikuwa nimesahau hata orodha ya kuwashia injini. Salio langu nililipata kwa vipande na kelele.

Kwa hivyo uliza: mna ndege ngapi zinazoruka leo, si mlizo nazo kwenye picha? Bei ya saa ina mafuta ndani? Mkufunzi analipwa kando? Ada za kutua ni za nani? Ndege ya mtihani wa mwisho nalipia kiasi gani? Na mimi nikigonga kitu, bima inaniachia kulipa shilingi ngapi? Hilo la mwisho ofisi nzima itanyamaza, nawe subiri jibu.

MkaaNyali
Afrika Kusini kwa ufupi: kiwango chao ni saa 45, si 40. Zile siku 90 bila viza ni za matembezi, masomo yana viza yake. Ongeza nauli, malazi, kisha ukirudi uibadilishe leseni hapa KCAA. Kwa mtu anayetaka saa nyingi za kibiashara inaweza kulipa. Kwa kumzungusha mama juu ya Likoni, la.

Na kumbuka leseni hii haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa. Mama asikupe nauli!

MtotoWaMagongo
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mama nauli hatoi hata ya tuktuk. Daktari nitamwona wiki ijayo, vitabu naanza mwezi huu. 620,000 sizigusi hadi zifike milioni 1.4, kisha nihamie Wilson kwa mfululizo. Nafikiria mwezi wa saba mwakani.

MzeeWaKaskazi
Marahaba.

BintiTudor
Mwezi wa saba hapana! Mawingu ya Nairobi yanalala chini asubuhi nzima, na asubuhi ndiyo saa yako nzuri. Panga Januari.