Model 100, Psion 5mx au AlphaSmart Neo: nichukue ipi?

Karani_Mtoro
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu anarudi kutoka Ohio mwisho wa mwezi, amekubali kunibebea mashine moja ya kuandikia. Simu imenishinda: nikikaa nusu saa kuandika, dakika ishirini zinaliwa na WhatsApp. Nimeona tatu zilizotumika, bei zinakaribiana: TRS-80 Model 100 ya 1983, Psion Series 5mx na AlphaSmart Neo. Zote zinakula betri za AA, na hicho ndicho kilichonivuta, maana umeme wa huku mnaujua. Kazi ikiisha nataka kuituma kwa imeli tu, basi. Ipi?

Babu_Kebo
Model 100, usiulize mara mbili. Betri nne za AA, unaandika saa ishirini hivi. Ukiiwasha imewaka, hakuna kusubiri. Kibodi yake hadi leo sijaona mfano. Programu za ndani, sehemu kubwa Bill Gates aliziandika kwa mkono wake mwenyewe. Waandishi wa habari wa Marekani walizunguka nayo wakituma habari kupitia simu ya mezani. Kuhamisha faili ni rahisi: poti ya siriali, RS-232, nyuma, kebo ya nali-modemu (ile ya kuunganisha mashine mbili moja kwa moja), adapta ya USB, unaingia TELCOM, programu yake ya mawasiliano, unaweka 88N1E, yaani kasi ya baudi 9600. Unabonyeza F4 kuingia Term, kisha F3, unataja faili. Ikikuuliza upana wa mstari bonyeza ENTER tu, usiandike namba, la sivyo itakukatia aya zako vipandevipande.

FundiSide
Kabla hamjamuuzia mtu ndoto: Karani, nyumbani una kompyuta gani? Windows, Linux, Mac? Hiyo Model 100 ina kumbukumbu kiasi gani? Ziliuzwa za 8K na za 24K, ukiongeza inafika 32K (K moja ni kama herufi elfu moja). Na unaandika nini hasa, barua au kitabu?

Karani_Mtoro
Riwaya mkuu. Sura moja maneno kama elfu tano.

FundiSide
Umejibu moja kati ya tatu. Hata yenye 32K inakubakishia kama 29K za kuandikia. Wazungu wanasema inatosha maneno elfu tano, lakini hayo ni maneno yao mafupi. Sisi "wanaposhirikishwa" ni neno moja. Piga hesabu ya herufi saba pamoja na nafasi, unabaki na maneno elfu nne na kidogo. Sura yako haiingii.

Babu_Kebo
Anaihamisha nusu nusu. 29K kwa baudi 9600 ni nusu dakika, shida iko wapi?

FundiSide
Shida ni wakati wa kurudisha, Babu. Skrini yake ya mistari minane inapanda polepole, herufi zinamwagika. XOFF, ile ishara ya "ngoja kwanza", inatakiwa isimamishe upande wa pili, ila adapta nyingine za USB zinachelewa kutii. Mimi nikirudisha faili nashuka hadi 1200.

DOSi_Mpaka_Kufa
Ndiyo maana Columbia University walitengeneza Kermit, mfumo wa kuhamisha faili, mwaka 1981. Kila pakiti inahesabiwa, ikiharibika inatumwa upya. TELCOM inamwaga maandishi kama maji ya ndoo, hakuna anayekagua. Mkuu achana na zote tatu, tafuta HP 200LX, kompyuta ya kiganjani. DOS kamili, betri mbili za AA, kadi ya kumbukumbu ya CF unaichomeka kupitia adapta ya PCMCIA. Unaichomoa unaisoma popote, hakuna kebo.

Nuru_Mkwajuni
Riwaya kwenye kibodi ya kikokotoo? Kaka DOSi unamtakia mema kweli? Karani chukua Neo. Betri tatu, waliotengeneza walitangaza saa 700, mimi nabadilisha mara moja kwa mwaka. Mafaili manane, F1 hadi F8, yanajihifadhi yenyewe. Kuhamisha: kebo ya USB, unabonyeza kitufe cha kutuma, nayo inajifanya kibodi na kuchapa maandishi yako herufi kwa herufi. Haihitaji programu yoyote. Skrini haina taa, hilo nakiri.

Bi_Msomi
Wanangu, nisikilizeni kabla hajanunua. Nilikuwa nayo hiyo Model 100, nilinunua ya mnada mwaka 2019. Ndani, mbali na zile AA, kuna betri ndogo ya nikeli-kadimiamu inayoshikilia kumbukumbu. Mpya inashika siku nane hivi ukiwa na 32K, inatosha kubadilisha AA na kulala. Yangu ilikuwa na umri wa watoto wangu. Niliandika kumbukumbu za marehemu mama, jinsi walivyohama Pangani, visa vya harusi, nyimbo za kutwangia. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nikaiweka kabatini. AA zikaisha humo humo. Naiwasha siku ya pili ya Idi, nakuta BASIC, TEXT, TELCOM, ADDRSS, SCHEDL. Zile programu tano ilizozaliwa nazo. Faili langu halipo. Fundi alipofungua akanionyesha ukijani umetambaa kwenye bodi, betri ilivuja zamani. Tukasafisha kwa siki, akachomea mpya ya volti 3.6, mashine ikapona. Mashine haina kosa, kosa ni langu: nilikuwa nayo kebo, nikasema nitahamisha kesho. Zile nyimbo mbili za kutwangia sijazikumbuka mpaka leo.

Babu_Kebo
Pole sana dada. Ila kweli, ukiipokea tu fungua utoe ile betri.

FundiSide
Na adapta ya ukutani ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka huku moshi. Ya Model 100 inataka volti 6, na hasi iko katikati ya pini. Mafundi wengi hawaangalii.

Karani_Mtoro
Asanteni. Ila nimechanganyikiwa kidogo, kompyuta sina. Nina simu tu.

DOSi_Mpaka_Kufa
Eti?

FundiSide
Mkuu hilo ndilo swali la kwanza nililouliza!!

Nuru_Mkwajuni
Basi Neo tu, hata tusibishane. Kebo ya OTG, ile ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, fungua imeli, tuma, itajichapa yenyewe.

Babu_Kebo
Model 100 nayo inawezekana kwa OTG, zipo programu za siriali za Android. Vichwa vya kebo tu vitakuwa virefu kama treni.

Mpwani254
Na Psion je? Mbona imeachwa yatima. Skrini nzuri, ina taa, kadi ya CF iko ubavuni. Tarakilishi ya mfukoni kabisa.

FundiSide
Waya bapa wa skrini unakatika kwenye bawaba. Na Word, programu yake ya kuandikia, haitoi maandishi ya kawaida mpaka uyabadilishe kwanza.

DOSi_Mpaka_Kufa
"Tarakilishi." Jamani Wakenya. Huku ni ngamizi.

Mpwani254
Ngamizi nani anasema? Inanikumbusha ngamia. Hata ninyi mnasema kompyuta.

Bi_Msomi
Mimi nafundisha, wanafunzi wanasema "kompyuta". Na hii ya kupakata ni kipakatalishi, mkitaka kunichekesha.

Babu_Kebo
Neo haipakatwi, ina uzito wa daftari.

Karani_Mtoro
Wakuu, shemeji kanijibu sasa hivi. Anasema ameona Model 100 ikiwa imeshushwa bei, ameshalipa.

FundiSide
Ya K ngapi?