Kompyuta inachelewa mno kuwaka, fundi anataka kupiga window

Mama_Wete:
Assalamu alaykum jamani. Nina kompyuta ya mezani ya zamani: Windows 10, RAM GB 4, hard diski GB 500. Watoto wanasomea, na mie natayarishia maandalio ya masomo ya skuli. Tangu kuiwasha mpaka Word ifunguke, robo saa hupita. Tena kila umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka na mashine inasimama mpaka nibonyeze F1. Fundi anasema apige window upya, yaani afute na kuweka Windows mpya. Mle ndani mna kazi zangu zote na picha za marehemu baba, naogopa. Nifanyeje?

Fundi_Mlandege:
Waalaykum salaam dada. Usikubali kupigiwa window kabla hujajua kinachochelewesha. Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona Task Manager. Tazama safu ya Disk. Ikiganda kwenye 100% na CPU (ubongo wa kompyuta) imetulia, diski ndiyo inayokukwamisha. Kisha ingia "Startup", kuna programu zinazojiwasha zenyewe. Usizozihitaji zizime kwa "Disable". Hazifutiki, zinaacha kujiwasha tu. Antivairasi iache, ila zikiwa mbili toa moja.

Msuka_Juu:
Hiyo ya tarehe ni betri ya mazabodi (bodi kuu ya ndani), CR2032, duara kama sarafu. Bei yake ndogo. Ikifa, umeme ukikatika mashine inasahau saa na mipangilio yake, ndiyo hiyo F1. Usiidharau, kwani tarehe ikiwa mbovu hata tovuti nyingi hazifunguki. Chomoa waya wa umeme kabla ya kuibadilisha.

Mama_Wete:
Ahsanteni sana. Nimetazama: Disk 100% muda mrefu, CPU haifiki hata 20. Nimezima vingi kwenye Startup, nafuu ni kidogo.

Fundi_Mlandege:
Basi ni diski. Ndani yake mna sahani zinazozunguka na kichwa kinachokwenda huku na huku kutafuta data. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, kichwa kinahangaika. SSD, diski ya aina nyengine, haina kinachozunguka. Tafuta ya SATA (aina ya kiunganishi), inchi 2.5, GB 240 yatosha kwa Windows, na ile ya zamani ibaki ndani kwa kuhifadhia.
Lakini leo hii, kabla hujanunua chochote, nakili kazi na picha kwenye flashi na pahala pengine pa pili. Diski iliyochoka hufa ghafla, na huku kwetu umeme ukikatika inasoma ndiyo inazidi kuumia.

Bint_Chake:
Mie nisingetia pesa humo. Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu 14 Oktoba 2025. Bora ajikusanye anunue nyengine.

Msuka_Juu:
Hilo la tarehe ni kweli, ila SSD si hasara, siku akinunua nyengine ataihamisha. Na kuna Linux Mint, mfumo wa kuwekwa badala ya Windows, ni ya bure na inaendelea kupata marekebisho ya usalama. LibreOffice yake, programu ya kuandikia, inafungua faili za Word. Dada, ijaribu kwanza kutokea kwenye flashi, bila kugusa diski. Flashi hiyo iwe tupu, maana inafutwa yote.
Na ukitaka pia kuongeza RAM, ukienda dukani chukua ile ya ndani ukawaoneshe. Aina zake DDR3 na DDR4 haziingiliani, matundu yake ni mbalimbali.