Tangu Ferguson aondoke, garasa namba moja la Man United ni nani?

Shetani wa Temeke
Wakuu habari za jioni. Jana baada ya mechi tulibaki kibanda umiza na jamaa zangu tukabishana mpaka mwenye banda akazima tivii akatuambia kaendeleeni nyumbani, na mada ilikuwa moja tu, kati ya wote ambao Man United imewasajili tangu Ferguson astaafu 2013 nani katutia hasara kuliko wenzake. Naomba tusimwite garasa kila aliyekosa goli, tuangalie kaja kwa bei gani, kafanya nini uwanjani na alivyoondoka tumeambulia nini.

Kwa hesabu hiyo mimi nampa Antony. Agosti 2022 tunaanza ligi tunapigwa na Brighton 2-1 nyumbani kwetu, wiki inayofuata Brentford wanatupiga nne bila, viongozi wakachanganyikiwa. Ajax ya Uholanzi, klabu yake, walishatuuzia beki Lisandro Martínez dirisha hilohilo, wakaona hawa jamaa maji yamewafika shingoni, wakabana mpaka tukatoa pauni milioni 82 hivi. Alianza vizuri sikatai, alifunga kwenye mechi zake tatu za kwanza za ligi, Arsenal, City na Everton, mimi mwenyewe nilishangilia nikajua tumepata mtu. Baada ya hapo ni kuingia ndani na mguu wa kushoto tu, beki anamsubiri palepale kila siku. Ligi yote kwa muda wote aliokaa kafunga matano. Tumekuja kumuuza Betis ya Hispania 2025 kwa kama milioni 22. Milioni 60 zimeyeyuka hivihivi. Haya nipeni wa kwenu.

Kiungo Mkabaji
Mkuu Antony anauma lakini kwangu Alexis Sánchez hana mpinzani. Watu wanamsahau kwa sababu hatukutoa hela ya uhamisho, tulibadilishana na Arsenal, wao wakamchukua Mkhitaryan Januari 2018. Ubaya wake ulikuwa kwenye mshahara. City walikuwa wanamtaka muda mrefu, wakapiga hesabu wakaona hapana wakajitoa, sisi tukaona tumewapiga bao, kwenye video ya kumtambulisha tukamkalisha kwenye piano na jezi namba 7 kabisa.

Na huyu hakuwa mchezaji wa kubahatisha jamani, msimu wa 2016/17 alifunga magoli 24 ya ligi akiwa Arsenal. Kwetu mechi 45 magoli 5. Namkumbuka kwa kichwa cha nusu fainali ya FA na Tottenham na kile cha dakika za mwisho tulivyotoka nyuma tukawafunga Newcastle 3-2, vingine vyote ni kupoteza mpira na kuinamisha kichwa. Halafu mshahara kama ule hauishii kwa mtu mmoja, kila mwenye mkataba unaoelekea kuisha anaingia ofisini na hoja moja, mbona yule analipwa vile na mimi ndo nacheza kila wiki? Mtu anayejituma kama Herrera akaondoka bure kwenda PSG 2019, na Sánchez mwenyewe tukamwachia Inter bure 2020. Baadaye akaja kusimulia kwamba baada ya mazoezi ya siku ya kwanza tu alimuuliza wakala wake kama mkataba unaweza kuvunjwa arudi Arsenal. Siku ya kwanza!! Sisi huku tunanunua jezi.

Mama wa Mechi
Kaka zangu nyie mnaangalia hela, mimi naomba nimzungumzie Di María maana yule aliniuma moyo kweli. 2014 ndo katoka kuwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Lisbon, tukavunja rekodi ya Uingereza, milioni 59.7. Ile chipu yake kwa Leicester mpaka leo nikiiona nasimama, japo siku ileile tulikuwa tunaongoza 3-1 tukafungwa 5-3. Kocha Van Gaal akawa anamhamisha, leo winga, kesho kiungo wa ndani, keshokutwa yuko mbele na straika, mtu anashindwa kujua kazi yake ni ipi. Halafu nyumbani kwake wezi wakajaribu kuingia, familia ikaogopa, mke na mtoto hawana raha, wewe utacheza mpira na akili gani? Msimu mmoja tu akaenda PSG kwa kama milioni 44. Na 2022 nikamwona anafunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Yule hakuwa garasa hata kidogo, sisi ndo tulimpoteza, na ndo maana kwangu ni hasara kubwa kuliko Antony ambaye wengi tulikuwa na wasiwasi naye tangu bei ilivyotajwa.

Mzee wa Tanga
Wanangu mnaongea kama vile zamani tulikuwa hatukosei. Ferguson huyohuyo 2010 alimchukua Bébé kwa milioni 7.4 bila kumwona akicheza, aliambiwa na Queiroz, aliyewahi kuwa msaidizi wake, kwamba kijana ni mzuri basi. Huo ndo mbuzi kwenye gunia wenyewe, akacheza mechi saba. Kabla yake 1999 golikipa Taibi, mpira mlaini wa Le Tissier wa Southampton ukampita katikati ya miguu, mechi iliyofuata Chelsea wakatupiga tano, hakucheza tena, mechi nne zikawa zimetosha. Verón naye milioni 28, fundi haswa, ila pale kati walishakuwepo Keane na Scholes, ukimleta fundi wa tatu unamweka wapi?

Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba zamani ukikosea mmoja, kuna Evra, kuna Vidić, kuna Carrick wanaziba. Taibi kaharibu lakini msimu uleule tumebeba ubingwa. Siku hizi mnakosea watatu dirisha moja halafu anayewafuata amewakuta wale hawajauzika.

Gunner wa Mwanza
Natoka upande wa pili ila naomba nichangie, sisi Arsenal tuna Pepe, milioni 72 mwaka 2019, na 2023 mkataba ukavunjwa akaondoka bila hata shilingi kurudi. Kwa hesabu ya mwenye mada ya tulirudisha nini, nadhani hapo tunawazidi.

Msumari
Mwenye mada kuna jina umelikwepa, Sancho. Milioni 73 mwaka 2021 baada ya kumfukuzia zaidi ya mwaka mzima. Mechi 83 magoli 12. Kagombana na kocha Ten Hag 2023 mambo yakaanikwa mtandaoni, akapelekwa Dortmund kwa mkopo, huko akafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Wembley. Akaja Chelsea kwa mkopo, walikuwa wamekubali kumnunua, mwisho wa siku wakaona bora walipe milioni 5 wamrudishe. Mtu analipa hela ili ASIMCHUKUE mchezaji wako, hiyo hasara mnaipimaje?

Na nawaomba sana atakayekuja kumtaja Maguire afikirie mara mbili. Milioni 80 ilikuwa bei ya ajabu, ni kweli, lakini alivuliwa unahodha, akazomewa kila kiwanja, hakukimbia. Ule usiku na Lyon Aprili 2025, muda wa nyongeza tuko nyuma 4-2, tukarudisha mbili halafu kichwa cha mwisho nani kapiga? Yeye. Mimi nilitoka nje barabarani napiga kelele.

Shetani wa Temeke
Msumari hiyo ya kulipwa ili mtu arudishwe imenikata maini, na kwa Maguire niko na wewe. Mama wa Mechi naye kanifanya nijiulize upya, maana hata Antony alivyofika Betis kacheza mpaka fainali ya Conference League, kwa hiyo mguu alikuwa nao.

Mama wa Mechi
Ndo ninachosema kaka. Mchukue Van de Beek, yule Ajax alifunga ugenini kwa Tottenham nusu fainali 2019, tukamnunua 2020 kwa milioni 35 wakati namba yake anacheza Bruno Fernandes ambaye miezi saba tu nyuma tumemnunua sisi wenyewe na anawaka. Mechi ya kwanza na Palace kaingia kafunga. Msimu mzima wa ligi akaanzishwa mara nne. Mimi nilikuwa namwangalia anapasha misuli pembeni ya uwanja dakika ya 70, ya 75, ya 80, halafu anarudi kukaa.

Shetani wa Temeke
Van de Beek nilikuwa nimemsahau kabisa, na jana kibandani hakuna hata mmoja aliyemtaja. Jumamosi nampeleka.