Dhahabu inabanduka kwenye herufi kubwa

Wakuu, hapa Dodoma tunajaribu kupamba herufi za kitabu kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, kwa njia ya Ulaya ya karne ya 14. Dhahabu haishiki kwenye jasi, lile tabaka linalopakwa chini yake. Tatizo nini?

— Hewa kavu, mkuu. Mchanganyiko wa tabaka hilo ni jasi iliyolowekwa, gundi ya samaki na asali kidogo. Asali ndiyo inayovuta unyevu, na kiangazi chenu hakina. Fanyeni alfajiri. Pulizia pumzi ya joto kwa mrija mara tatu nne, laza dhahabu papo hapo, kandamiza kwa hariri.

— Asali isizidi, itanata mkisugua. Gundi ikizidi, jasi hupasuka. Wa kale walisugua dhahabu ing'ae kwa jino la mbwa au jiwe la akiki. Dhahabu itangulie rangi, la sivyo itaganda kwenye rangi. Kwenye mchanganyiko walitia pia risasi nyeupe, unga wa madini ya risasi: sumu, iacheni kabisa!