Naomba ushauri: jjirikiti langu ni majani tu, maua hakuna

Habari zenu ndugu. Niko Bombo, Uganda. Kando ya uzio nina ule mti wa miiba wenye maua mekundu, Waganda wanauita jjirikiti, kitaalamu Erythrina abyssinica. Niliupanda kwa kuchomeka tawi nene, ukashika bila shida. Sasa umenipita kimo, majani tele hata kiangazi, ila maua sijayaona. Wa jirani hupukutisha majani yote jua likikaza, kisha unawaka wekundu mtupu na ndege aina ya chozi hawabanduki hapo.

Wangu uko karibu na lundo la samadi. Je, samadi ndiyo inayoupeleka kwenye majani? Maana ni mti wa jamii ya kunde, naitrojeni (kirutubisho kinachokuza majani) unajitafutia wenyewe. Niupogoe au niuache?

Halafu kuna watu wanaubandua magome usiku kwa ajili ya dawa (hata hodi hawapigi!). Kidonda kinakaribia kuzunguka shina. Nipake udongo na kinyesi cha ng'ombe, au kuna kinachofaa zaidi?

Na wenye watoto, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi mnazidhibiti vipi? Zina sumu, na wangu wanaziokota kwa jirani kutungia shanga.