Hivi kwa nini mtu akichelewa kujibu meseji tunajua fasta kwamba anaringa?

mama_wawili: Wakuu, nimemuwazia shemeji yangu mabaya mpaka naona aibu. Ijumaa nimemtumia meseji ya mchango wa kipaimara cha mwanangu, tiki za bluu hizo, kimya, Jumamosi kimya. Nikaanza, tangu wahamie Madale wanajisikia, dada nae kabadilika, nikakumbuka mpaka msibani alivyonisalimia juu juu, nikampigia maza kumwaga yote. Kumbe simu alikua nayo binti yake wa miaka 4 anaangalia katuni, ndo kafungua, mwenyewe hajaiona kabisa. Sasa mimi nikichelewa kujibu nina sababu kibao, bando, foleni, bosi, ila yeye akichelewa ni roho mbaya. Ni mimi tu?

kijana_wa_debati: Sio wewe tu dada. Marekani mwaka 1967 watafiti wa saikolojia Jones na Harris waliwapa wanafunzi insha za kumsifu au kumponda Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, wakawaambia kabisa mwandishi hakuchagua upande, kapangiwa. Bado wakaona aliyesifu anamkubali Castro kuliko aliyeponda. Mi form two nilipangiwa kwenye debati kutetea viboko, wasichana wa darasa wakaninunia muhula mzima, na waliona kabisa mwalimu akinipangia!!

Ndugu Mtazamaji: Mbona hata vitu visivyo na roho tunavifanyia hivyo. Watafiti wengine wa saikolojia, Heider na Simmel, 1944, walionyesha watu kifilamu cha pembetatu mbili na kiduara vinazungukazunguka kwenye boksi lenye mlango, basi. Kati ya 34 walioulizwa wameona nini, mmoja tu ndo alieleza maumbo kama maumbo, wengine wakaona ugomvi, mapenzi, pembetatu kubwa mkorofi. Kama pembetatu inaonekana mkorofi, shemeji mwenye tiki za bluu anaponea wapi 😂

mangi_wa_kona: Mnatetea sana nyie. Mi nina duka, mtu ana deni langu la unga na mafuta, kila akikaribia anavuka barabara na simu sikioni, siku ana hela anapita mlangoni kabisa "mangi vipi". Hapo nisubiri profesa wa Marekani aniambie anawaza nini?

mama_wawili: 😂😂 Mangi, huyo mdeni wako nae anajulikana. Basi shem katuma elfu 50 leo na kaemoji kanakotoa ulimi, hajaandika kitu kingine. Nimekaa hapa nusu saa nawaza huo ulimi wa nini.