Nevado del Ruiz: mlipuko mdogo uliua vipi watu 23,000?

Mdadisi: Wakuu naombeni mnieleweshe. Huu mlima wa Kolombia ulilipuka Novemba 13, 1985, na kila nikisoma wanasema ulikuwa mlipuko mdogo tu. Sasa mji wa Armero, zaidi ya kilomita 70 kutoka kreta (mdomo wa volkano) ukifuata bonde la mto, ulifutikaje usiku mmoja?

Jiwe Moto: Mkuu kilichoua sio lava, ni barafu. Kilele kiko mita 5,300 na ushee, yale majivu na mawe ya moto yakapita juu ya barafu yakayeyusha kama asilimia 10 hivi, maji yakaporomoka kwenye mabonde ya mito huku yanazoa udongo, mawe, miti, yani yanazidi kuvimba kadiri yanavyoshuka, yanatokea Armero kupitia mto Lagunilla ni tope zito kama zege. Mlima ulilipuka saa 3 usiku, tope likafika kama saa 5 na nusu. Muda wa kukimbilia vilimani ulikuwepo jamani!

Mama Tumu: Mi kinachoniuma ni kwamba ramani ya hatari ilitoka Oktoba hiyohiyo, Armero imo. Na mlima ulishashusha tope 1595 na 1845, mji wenyewe umejengwa juu ya tope la 1845.

Mdadisi: Duh. Na leo je?

Jiwe Moto: Bado hai. 2023 walipandisha tahadhari mpaka rangi ya chungwa (ngazi moja chini ya nyekundu, ya juu kabisa), baadae wakashusha. Barafu imepungua sana ila iliyobaki bado inatosha kuleta tope.